Nafuga Maji

Wanauliza wakishaketi benchi kungoja zamu:
kinyozi, samaki wako wapi?
Nawaambia bado.
Wiki ya sita sasa, bado.
Kioo cha futi tatu, changarawe za mto Hagafilo,
pampu inakoroma kama mtoto mwenye mafua,
na ndani yake, ukitazama, hamna kitu.
Tweve wa viazi ndiye aliyenibatiza:
"Huyu bwana," akawaambia, povu likiwa shavuni,
"wenzake wanafuga nguruwe. Yeye anafuga maji."

Sawa. Nafuga maji.

Mwaka jana nilikuwa na haraka.
Nilijaza asubuhi, mchana nikamimina samaki watano,
wekundu wa dhahabu, waliokuja na basi kutoka Iringa.
Siku ya pili walipanda juu kuhema,
midomo nje, kama watu waliofungiwa na jiko la mkaa.
Siku ya nne binti yangu Tulinumtwa
aliwazika wote katika boksi moja la sabuni
nyuma ya banda, penye mche wa parachichi,
akanitazama jinsi mama yake anavyonitazama.
Maji yalikuwa meupe. Hilo ndilo lililoniuma.
Meupe pe, na yaliua.

Mama yangu hajawahi kuona samaki ndani ya kioo.
Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika kiuno.
"Wewe umekulia zizini, umesahau?
Samadi mbichi huunguza mche.
Sharti ilale. Sharti ioze, ipoe, igeuke udongo,
na si wewe unayeigeuza."

Basi nikaanza upya, na samaki wa kwanza alikuwa mfu:
usipa mmoja mkavu wa Ziwa Nyasa,
nilimwomba nyongeza sokoni.
Nikamwacha aoze.
Akatoa ule ukali ninaoujua tangu utoto,
mkojo wa ng'ombe alfajiri, unaochoma pua.
Wakaja walaji wake, sijui walitoka wapi,
wadogo kuliko vumbi la mashine yangu,
wakaula ule ukali, wakaacha sumu nyingine.
Nyuma yao kuna wengine, wazito wa kuamka,
ambao chakula chao ni sumu ya wale wa kwanza.
Hao ndio ninaowangoja.

Njombe ya Julai haimsaidii mtu anayengoja.
Baridi inamchelewesha kila kiumbe, hata asiye na miguu.
Nimekivisha kioo blanketi.
Umeme ulipokatika usiku wa Jumanne
nilikaa hadi saa tisa nachota kwa kikombe,
nainua, namwaga kwa juu, maji yapate hewa,
nachota, nainua, namwaga,
kinyozi mzima, na koti langu, nikilea kitu nisichokiona
kilichonata kwenye sponji.
Sikumwambia Tweve.

Kila Jumapili, matone matano kwenye kichupa.
Zambarau.
Zambarau.
Zambarau.
Jumapili iliyopita zambarau bado, lakini kama iliyofuliwa.

Leo ni buluu, ile nyepesi ya anga baada ya ukungu.
Nimekitikisa kichupa, nimekipeleka dirishani,
nimekitikisa tena.
Buluu.
Tulinumtwa ametua mkoba wa shule hapo hapo mlangoni:
"Yameiva?"
"Nadhani yameiva."

Tweve yuko kitini, kichwa nusu kimenyolewa.
Anageuza shingo, mashine nusura imkwaruze sikio.
Anatazama kioo kwa muda mrefu:
changarawe zimeota utando wa kahawia,
kiputo kinapanda, kingine kinapanda.
"Mbona mimi sioni kitu," anasema,
lakini kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyeingia chumba ambamo mtoto amelala.